Sura ya Saba: Kadi Mpya, Kioo Cheusi

Kadi ya grafiki inayofika Mutuka, Babati, huwa imeshatembea kuliko watu wengi wa mtaa inakokwenda. Imetengenezwa Asia ya mashariki, imepita Dar es Salaam, imekaa kwenye kabati la kioo Kariakoo, kisha imefungwa kwenye boksi na kukabidhiwa watu wa basi. Kwa njia ya Dodoma na Kondoa, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, ni kama kilomita 700 hadi Babati mjini, na kutoka stendi ni bodaboda tu. Jioni hiyo hiyo kasha la kompyuta linafunguliwa, kadi inachomekwa, kitufe kinabonyezwa. Feni zinazunguka, taa zinawaka, na kioo kinaandika kwamba hakipati mawimbi yoyote, kisha kinalala kikiwa cheusi. Simu inayofuata inajulikana: muuzaji anaambiwa ameuza kadi mbovu. Hoja ya sura hii ni kwamba hukumu hiyo, hata pale inapokuja kuthibitika, imetolewa mapema mno. Kadi inapaswa kushitakiwa mwisho, na nasema hivyo si kwa kumwonea huruma muuzaji bali kwa hesabu.

Hesabu inaanza na namna vitu hivi vinavyopimwa. Kadi mpya haitoki kiwandani bila kuwashwa. Pawasaplai nayo imepimwa kwao, mazabodi kwao, kioo kwao. Ambacho hakuna kiwanda kilichokipima ni muungano uliofanyika mezani Mutuka. Kompyuta ya mezani inayopatikana kwa bei ya kueleweka katika miji ya kwetu mara nyingi ni mtumba wa ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, Lenovo ThinkCentre, iliyofanya kazi miaka yake kwenye ofisi fulani ng'ambo hadi siku ilipoondolewa na wenzake kwa mkupuo. Ni mashine ngumu, haina utani. Lakini mhandisi aliyeichora alimfikiria karani na majedwali yake. Hakumfikiria mwenye kibanda cha gemu wala kijana anayehariri video za harusi na sendoff. Sasa weka pembeni yake kioo cha mwaka 2009 na kadi ya mwaka 2019. Kila kimoja ni kizima, ila ndoa yao haijawahi kupimwa na mtu, na giza linapoingia, pa kuanza kuchungulia ni pale zama mbili zinapogusana.

Mwenye kompyuta atapinga, tena kwa hoja nzito: jana ilikuwa inawaka vizuri, leo nimeongeza kitu kimoja tu, na picha imekatika, kama si hicho kitu, ni nini? Kuku akipotea siku aliyoingia mgeni, mgeni ndiye anayetazamwa. Hoja hii ingekuwa kamili kama kweli kilichobadilika kingekuwa kimoja. Hesabu vizuri. Jana picha ilitoka kwenye tundu la mazabodi. Leo inatakiwa itoke kwenye tundu la kadi, ambalo huenda ni la aina nyingine na linahitaji kebo au adapta ambayo jana haikuwepo. Jana pawasaplai ililisha prosesa na diski. Leo imeongezewa mdomo ambao peke yake unaweza kula kuliko hao wote. Jana BIOS iliwasha picha ya ndani iliyoizoea. Leo inatakiwa isome maelekezo yaliyoandikwa ndani ya kadi, pengine kwa lugha ambayo haikufundishwa. Na mkono ulioingia ndani ya kasha kuchomeka kadi umepita karibu na RAM na nyaya za diski, vitu ambavyo jana havikuguswa. Mabadiliko ni matano au sita, na kadi ni mojawapo.

Kabla ya kugusa chochote, kuna swali moja linalopunguza kazi kwa nusu, nalo ni la wakati: picha inakosekana tangu kitufe kinapobonyezwa, au nembo ya kampuni inaonekana kwanza ndipo giza linaingia Windows inapopanda? Hizi ni kesi mbili zisizohusiana. Draiva ya kadi ni programu. Inaanza kazi Windows inapoanza kupanda, haianzi kabla. Kwa hiyo kama nembo na ukurasa wa BIOS vinaonekana bila shida, kadi ina uhai, kebo ina uhai, kioo kina uhai, na kinachobaki mara nyingi ni ugomvi wa draiva mpya na mabaki ya ile ya zamani. Hilo huondolewa kwa kuingia Windows kwa njia ya usalama, kufuta draiva zote za picha (programu ya bure iitwayo DDU imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa miaka) na kuweka moja iliyo safi kutoka kwa mtengenezaji. Lakini kama kioo ni cheusi tangu sekunde ya kwanza, draiva haina kesi ya kujibu, kwa sababu haijafika hata mlangoni. Nalisisitiza hili kwa kuwa dawa ya kwanza inayotolewa mitaani kwa karibu kila ugonjwa wa kompyuta ni kupiga Windows upya. Kupiga Windows kwenye mashine isiyoonyesha hata nembo ni kupaka rangi nyumba ambayo fundi bado anatafuta mlango wake, na mwenye mali hupoteza mafaili yake bila kupata picha.

Basi tuchukue kesi ngumu, giza la tangu mwanzo, na tuanze na tundu. Nyuma ya kasha sasa kuna safu mbili za matundu: ile ya juu, iliyosimama pamoja na matundu ya USB, ni ya mazabodi, ile ya chini, iliyolala kwenye bamba jipya la chuma, ni ya kadi. Mkono uliozoea hurudisha kebo pale ilipokuwa jana, juu. Kompyuta nyingi za ofisini zikiona kadi huzima picha ya juu zenyewe, na hapo kioo kinaachwa kimeunganishwa na tundu lililolala. Prosesa nyingine hazina picha ya ndani kabisa, kama zile za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, na kwazo tundu la juu ni pambo. Kuhamisha kebo hakugharimu kitu, na ndiyo maana kunastahili kuwa jaribio la kwanza hata kwa fundi aliyebobea anayeona aibu kulifanya.

Aina ya tundu ina historia ndefu zaidi. Plagi ya VGA, ile ya bluu yenye pini 15 na skrubu mbili pembeni, ilikuja na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, na bado imejaa kwenye vioo vya mtumba. Inabeba picha kama wimbi la umeme linalopanda na kushuka, wakati HDMI na DisplayPort zinabeba namba. Kwa miaka mingi tundu la DVI lilibeba yote mawili, ndiyo maana adapta ndogo ya bei ya soda, isiyo na kitu ndani zaidi ya nyaya zilizonyooka, iliweza kuigeuza DVI kuwa VGA. AMD ilianza kuliacha lile wimbi kwenye kadi zake kubwa mwaka 2013, na NVIDIA ikafuata mwaka 2016 na kadi za mfululizo wa GTX 10. Tundu la DVI likabaki na sura karibu ile ile, lakini zile pini nne zinazozunguka ule upanga wa pembeni hazipo tena. Mtazame mtu aliyeshika adapta yake ya zamani mbele ya kadi kama GTX 1050 Ti. Inagoma kuingia, anaigeuza, inagoma, na mwishowe anakunja pini nne kwa koleo ili ipite. Inapita. Picha haiji, na haitakuja, kwa sababu upande wa pili wa yale matundu manne hakuna mtu anayeongea.

Kinachotakiwa hapo ni kigeuzi chenye chipu ndani yake, kinachosoma namba za HDMI na kuzifanya wimbi la VGA. Vipo, si ghali, ila vina tabia mbili za kujua. Chipu inahitaji umeme, na tundu la HDMI hutoa kidogo sana, hivyo baadhi ya vigeuzi vina tundu la ziada la USB pembeni ambalo wengi huliacha wazi wakidhani ni la sauti. Pili, vigeuzi vina mwelekeo. Kebo ya kawaida yenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili inatoa picha kutoka kadi yenye DisplayPort kwenda kioo chenye HDMI. Ukiigeuza haifanyi kazi, japo ncha zote zinaingia vizuri kabisa. Anayetaka kukata shauri haraka aazime televisheni bapa ya jirani na kebo ya HDMI, achague kwa rimoti tundu lile lile alilochomeka, awashe. Katika mtaa ambao watu huazimana hata jiko la mkaa, televisheni ya nusu saa si ombi kubwa, na jibu lake ni la uhakika: picha ikija, kadi imeachiwa huru na kesi inahamia kwenye kioo na adapta yake.

Umeme ndipo penye mengi zaidi, na ndipo penye hatari. Sloti ambayo kadi inachomekwa inaruhusiwa kwa kanuni kuilisha kadi hadi wati 75, na baadhi ya kompyuta nyembamba za ofisini hazifikishi hata hizo. Kadi inayotaka zaidi hupewa tundu lake la umeme kwenye ukingo wa juu: lenye pini 6 linaongeza wati 75, lenye pini 8 linaongeza wati 150. Sasa soma lebo ya pawasaplai ya OptiPlex au EliteDesk nyembamba: utakuta namba kati ya wati 180 na 300, na ukifuata nyaya zake zote hadi mwisho hutakuta hata plagi moja ya pini 6. Haikusahauliwa, karani hakuihitaji. Ndiyo maana kadi kama GT 1030 (wati 30), GTX 750 Ti (wati 60) au GTX 1050 Ti ya wati 75 isiyo na tundu la juu huingia kwenye mashine hizi na kukaa kwa amani, ilhali RX 580, ambayo kwa karatasi ni ya wati 185 na inadai pini 8, inakuwa mgeni anayedai ng'ombe mzima kwenye nyumba ya kuku wawili. Kabla ya hayo yote, kompyuta nyembamba haimezi hata kadi ya urefu wa kawaida. Inataka kadi fupi zenye bamba fupi. Wapo wanaoiacha ikining'inia nje ya kasha lililo wazi. Waache.

Hapa ndipo anapotokea mjuzi na kusema: tatizo dogo, kuna adapta inayochukua umeme wa diski ya SATA na kuugeuza kuwa pini 6. Ipo kweli, inauzwa, na mara nyingine kadi huwaka nayo, jambo linalomfanya mjuzi aonekane ameshinda. Fanya hesabu yake. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa kubeba ampea 1.5, jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 6 inaahidi wati 75. Adapta imetoa ahadi ambayo chanzo chake hakiwezi kuitimiza, na pengo hilo hulipwa kwa joto, plastiki ikiyeyuka ndani ya kasha lililofungwa. Mwingine atasema basi nibadilishe pawasaplai yote. Ni shauri zuri kwa kompyuta ya kawaida, lakini kuanzia mwaka 2013 hivi Dell na HP waliiacha plagi ya pini 24 kwenye mashine nyingi za ofisini wakaweka za kwao, za pini 8 au 6, na umbo la boksi la pawasaplai likawa la kwao pia. Hatua hiyo inawezekana kwa adapta maalumu, ila bei yake ijumlishwe na bei ya kadi kabla ya mtu kujisifu kwamba amepata kadi rahisi.

Wengi hupinga habari ya umeme kwa macho yao: feni ya kadi inazunguka, kwa hiyo umeme upo. Ushahidi wa feni ni wa kuyumba kuliko ushahidi wowote katika kesi hii. Feni inakula wati chache, na sloti inazitoa hata kama plagi ya pini 8 imeachwa wazi. Kadi inaweza kuzungusha feni kwa kishindo na isitoe picha. Nyingine za NVIDIA huwa na hisani ya kuandika kwenye kioo kwamba zizimwe na ziunganishwe nyaya zao za umeme, ujumbe ambao mtu aliyekwisha kukata tamaa huufunga bila kuusoma. Upande wa pili, kadi nyingi za kuanzia mwaka 2014 hivi huzima feni zenyewe zikiwa baridi, kwa hiyo feni iliyotulia nayo si maiti. Sikio linafaa kuliko jicho. Tangu enzi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 kuna desturi ya mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili kumaanisha shauri la picha, na BIOS nyingi zimeirithi. Kampuni nyingine zina milio yao, au taa ya kitufe inayopepesa kwa mahesabu, na maelezo yake yamo kwenye kitabu cha mashine husika. Mazabodi za kisasa zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa ya DRAM ikibaki inawaka, kesi si ya kadi hata kidogo: RAM imelegea, pengine kwa kiwiko kile kile kilichochomeka kadi.

Inabaki lugha. Kompyuta inapoamka, BIOS inaitafuta kadi na kuomba maelekezo ya namna ya kuiwasha, na maelekezo hayo yameandikwa kwenye chipu ya kadi yenyewe. Yapo ya mtindo wa zamani na yapo ya mtindo mpya wa UEFI ulioenea Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Kadi ya kabla ya hapo mara nyingi inajua mtindo wa zamani tu. Baadhi ya mazabodi za kabla ya hapo nazo hugoma mbele ya kadi za miaka ya baadaye hadi BIOS isasishwe, na nyingine hazikubali abadan. Ugomvi huu umeongezeka kwa njia ambayo wengi hawaitambui. Msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, watu wakakimbilia Windows 11, na katika kuitafutia nafasi wakazima CSM, ile sehemu ya BIOS inayoigiza mwenendo wa zamani. Kompyuta ikaendelea kuwaka vizuri kwa picha ya ndani. Miezi mitatu baadaye inachomekwa kadi ya zamani iliyonunuliwa kwa rafiki, na giza linaingia. Nani atakumbuka kilichozimwa miezi mitatu iliyopita? Namna ya kulipima ni kuitoa kadi, kuingia BIOS kwa picha ya ndani, kuirudisha CSM kama mashine inayo, kuangalia pia kama kipaumbele cha picha kimewekwa kwenye sloti, ndipo kadi irudishwe. Kama BIOS haifunguki, ile betri bapa ya CR2032 ikitolewa dakika chache, waya wa umeme ukiwa umechomolewa ukutani, kompyuta nyingi husahau mipangilio na kuanza upya.

Kuhusu kukaa kwa kadi kwenye sloti sina mengi, japo wapo wanaoanza na hilo. Ikae mpaka kilango kidogo cha plastiki mwishoni mwa sloti kilie, na skrubu ya bamba ifungwe baada ya hapo, si kabla, maana bamba likivutwa na skrubu huinua upande wa pili wa kadi kwa unene wa ukucha, na unene wa ukucha unatosha. Vumbi la kiangazi cha Babati linajulikana. Kadi ya mtumba ichunguzwe ukingo wake wenye meno ya rangi ya dhahabu: yakiwa na ukungu mweusi, ufutio mweupe wa shule upitishwe taratibu kwa kufuata urefu wa jino, mabaki yapulizwe, kisha kitambaa chenye spiriti safi. Sandapepa hapana. Dhahabu ile ni nyembamba sana, na ikishakwanguliwa hairudi.

Sasa pingamizi kubwa kuliko yote, ambalo sura hii isipolijibu itakuwa imemtetea mshitakiwa kwa kufumba macho. Nimesema kadi mpya imepimwa kiwandani. Lakini kadi ngapi zinazoitwa mpya ni mpya kweli? Septemba 15, 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na shehena za kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaanza kutafuta wanunuzi duniani kote, nyingine zikiwa zimeoshwa na kufungwa kwenye boksi lenye stika inayong'aa. Baadhi ya RX 570 na 580 za huko zimeandikiwa upya maelekezo ya ndani ili zichimbe vizuri, na hizo zinaweza kukataa kutoa picha mbele ya BIOS. Kadi nyingine za uchimbaji, kama P106-100 ya mwaka 2017, hazina tundu la picha hata moja. Bamba la nyuma ni chuma kitupu chenye vitobo vya hewa. Na kuna za kughushi waziwazi, kadi ya mwaka 2010 au 2011 iliyoandikwa jina la GTX 1050 Ti kwenye chipu na kwenye boksi.

Nakubali yote hayo, na bado mpangilio wangu haubadiliki. Kadi ya kughushi kwa kawaida inawaka na kuonyesha picha, kwa sababu ulaghai wake unategemea mnunuzi aridhike dukani. Inayoumbuka ni kasi yake, na programu ya GPU-Z tangu mwaka 2018 huzitambua nyingi na kuzitangaza. Iliyochimba na kuandikiwa upya mara nyingine ina swichi ndogo ubavuni, kubwa kidogo kuliko punje ya mchele, inayochagua maandishi ya pili yaliyobaki salama. Zaidi ya hapo, kadi iliyokufa na kadi isiyolishwa zinafanana kabisa kwa nje. Njia ya kuzitofautisha ni kuondoa sababu nyingine zote, kisha kuipeleka kadi kwenye mashine ya pili yenye pawasaplai ya kutosha. Ikikaa kimya hapo pia, kwa kebo na kioo vilivyoonyesha picha dakika moja kabla, hukumu imekamilika na mwenye kadi anaweza kusema mbovu kwa sauti yake yote. Tofauti ni kwamba sasa muuzaji hana pa kuponyokea.

Kuna watakaosema mlolongo huu ni wa fundi, mwenye kompyuta aipeleke tu. Pale Kariakoo ningekubaliana nao, kwa kuwa penye msururu wa maduka ya kompyuta kubadilisha kifaa kimoja hadi kingine ni kazi ya dakika kumi na haihitaji kufikiri sana. Mji wenye mafundi wachache na vipuri vichache unadai kufikiri kuchukue nafasi ya vipuri. Hukumu ya makosa Kariakoo inagharimu kuvuka barabara. Kutoka Mutuka inagharimu nauli ya mzigo kwenda na kurudi, siku kadhaa, na kadi nzima kutikiswa tena kilomita 1,400, halafu jibu linarudi kwamba dukani inawaka. Pande zote mbili zinakuwa zimesema kweli, na hakuna uaminifu unaobaki kati yao.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Tanzania ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mifupa yake ni ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoikusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Lakini aliyeagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara hana ulinzi huo wa kufaa kwa kazi. Anayepiga simu na kusema nataka RX 580 amechagua mwenyewe. Anayesema nina OptiPlex ya aina hii na kioo cha aina hii, nataka kadi ya kuhariri video, amemwingiza muuzaji katika kuchagua. Kwa hiyo msomaji uliye Mutuka, au Bonga, au mji wowote ambako kadi inafika kwa basi, piga picha nne kwa simu: jina la kompyuta lililoandikwa mbele, lebo ya pawasaplai na nyaya zake zote, sloti pamoja na nafasi iliyo jirani yake, na matundu ya nyuma ya kioo chako. Zitume kwa muuzaji, na eleza kazi unayoitaka. Subiri akujibu kwa maandishi, ndipo utume hela.